Uganda: amani ya tangu 1986 ndiyo kibali cha kuteka raia?

Wadau, kila ikitajwa Uganda na haki za binadamu, lazima atokee wa kusema: "Nyie hamkumwona Amin. Mwacheni mzee Museveni, kaleta amani." Hoja hii siipuuzi. Aliyenusurika mauaji ya Luweero awamu ya pili ya Rais Obote ana haki ya kuikumbuka Januari 1986, Museveni alipoingia madarakani, kwa shukrani. Ila muulizeni na mtu wa Gulu, kaskazini: kwao vita vya Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, viliendelea hadi 2006, na watu zaidi ya milioni moja walilundikwa kambini, ndani ya nchi hiyohiyo yenye amani.

Haya, tuseme amani ipo. Mbona basi watawala hawavumilii hata sheria walizozitunga wenyewe? Katiba ya 1995 haikuletwa na mkoloni wala Obote. Ni ya enzi za Museveni. Iliweka ukomo wa mihula miwili ya urais, ukafutwa 2005. Ukabaki ukomo wa umri, miaka 75. Nao ukafutwa 2017, baada ya askari waliovaa kiraia kuingia ukumbini mwa Bunge na kuwatoa wabunge waliopinga kwa nguvu.

Kwangu lakini kidonda kipo kwenye mahakama za kijeshi. Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani aliyekuwa daktari wa Museveni huko msituni wakati wa vita, alitekwa Nairobi Novemba 2024. Siku nne baadaye yuko mahakama ya kijeshi ya Makindye, Kampala, mbele ya maofisa wa jeshi, raia, anasomewa mashtaka ya silaha. (Kenya nayo ina la kujibu hapa.) Januari 31, 2025, Mahakama ya Juu ikatamka kwamba kumshtaki raia huko, kwa sheria ilivyokuwa, ni kinyume cha Katiba. Besigye akahamishiwa mahakama ya kiraia kwa shtaka la uhaini, lakini mahabusu hakutoka. Mwezi Mei Bunge likapitisha sheria ya kuwarudisha raia kulekule jeshini, na Juni Rais akasaini.

Na huyo ana jina kubwa. Kijana wa kawaida wa NUP, chama cha upinzani cha Bobi Wine, huzolewa na HiAce isiyo na namba, zile Waganda wanaziita "droni", kisha mama yake anazunguka vituo vya polisi na kila kaunta anaambiwa hayupo. Novemba 2020, Bobi Wine alipokamatwa na watu wakaingia barabarani, waliuawa watu 54 kwa hesabu ya Rais mwenyewe.

Msinikimbize kwa Kagame wa Rwanda au Biya wa Cameroon, tutawafungulia mjadala wao. Mnaomtetea mzee huwa mnasema mwenye malalamiko aende mahakamani. Walienda, hadi ya juu kabisa, na wakashinda. Sasa mnawashauri waende wapi?