Eti gari langu ni zima, ardhi ya Kigamboni ndiyo iliyopinda

Wakuu, mniwie radhi nikikosea herufi, kwa maana mikono bado inatetemeka kwa hasira. Yule fundi wa magari wa Gerezani mnayemjua, yule ambaye ovaroli yake haijawahi kuona grisi tangu ishonwe, leo amenitazama usoni mbele ya shemeji zangu akaniambia kwamba gari langu halina tatizo lolote, ila ardhi ya Kigamboni ndiyo imepinda.

Nairudia kwa faida ya wanaosoma harakaharaka: ardhi ndiyo imepinda.

Gari lenyewe ni lile la kambi, lenye vitanda, jiko na friji, na chini lina jeki nne za hidroliki za kulisawazisha linapoegeshwa. Ukibonyeza kitufe, sensa inasoma mwinamo, pampu inasukuma oili, na kila jeki inashuka kwa kiasi chake. Sasa pampu inalia kinyonge, jeki ya mbele kulia inafika nusu na kugoma, na yai ukiliweka mezani linaondoka lenyewe kwenda kumsalimia dereva. Friji nayo ni ile ya gesi isiyo na kompresa, ambayo gari likiinama sana mchanganyiko wake wa amonia hauzunguki ipasavyo, kwa hiyo samaki wote wameoza na shemeji zangu wamekula mkate mkavu.

Mtaalamu hakupima betri wala hakufungua tangi la oili. Alilizunguka gari, akapiga tairi teke, akaweka simu yake sakafuni eti ina pimamaji ndani, simu ikateleza hadi uvunguni mwa kitanda, akaifuata kwa magoti, akaipangusa vumbi, kisha akatoa hukumu yake ya ardhi. Gharama ya uchunguzi huo ni shilingi 350,000. Hivi kuna mtu anayenunua jeki za kusawazisha gari ili aliegeshe juu ya meza ya biliadi? Ardhi imepinda! Nilipomuuliza kama ya Gerezani imenyooka, akanijibu kwa utulivu kabisa kwamba nililete gari huko tukaone.

Mzee wa Tandika: Pole sana, mkuu. Hata hivyo hujatuambia kama ulimlipa.

Mwenye uzi (mimi niliyeanzisha mada): Nililipa, kwa sababu ufunguo wa gari alikuwa ameushika yeye.

Mzee wa Tandika: Basi ardhi imepinda kweli, na fedha zako zimeteremkia kwake.

Fundi Umeme Mstaafu: Kabla ya kuendelea kumlaani, pima betri. Pampu ya namna hiyo inaweza kuvuta zaidi ya amperi 100, kwa hiyo betri inayosoma volti 12.6 ikiwa imepumzika inaweza kuporomoka mara tu pampu inapoanza kazi. Kagua pia waya wa ethi, kwa kuwa hewa ya chumvi ya huko kwenu hula vituo vya nyaya kimyakimya. Oili ipimwe jeki zote zikiwa zimerudi juu, la sivyo utaijaza kupita kiasi. Kwa ile jeki moja inayogoma, badilishana koili ya valvu yake (sumaku ya umeme inayoifungua) na ya jeki ya jirani, na kosa likihama, mchawi wako ni koili. Tafadhali usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki hizo peke yake.

Mwenye uzi: Nakushukuru, mzee wangu, lakini hoja yangu hujaigusa. Amesema ARDHI.

Binti Kimara: Mtu mwenye gari lenye jiko analia kwa ajili ya laki tatu na nusu, ilhali sisi tunapika nje mvua ikinyesha.

Dereva wa Bagamoyo Road: Wewe una nafuu, mkuu. Fundi wangu wa alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, alinirudishia gari linavuta kushoto, nikalalamika, akaniambia kwamba gari limenyooka ila barabara ndiyo inayovuta.

Mama Wawili: Wangu wa kiyoyozi alisema gesi imejaa, tatizo ni joto la Dar es Salaam, eti nisubiri mwezi wa saba.

Mwenye uzi: Jamani, tusitoke kwenye mada ya ardhi.

Fundi Umeme Mstaafu: Kwa hilo la barabara namtetea fundi. Barabara hujengwa na mgongo katikati ili maji yatiririke pembeni, kwa hiyo gari kuvuta kidogo kuelekea kushoto ni jambo la kawaida.

Mama Wawili: Na joto nalo utalitetea?

Dereva wa Bagamoyo Road: Kidogo nakubali, mzee, lakini langu lilinivuta hadi kituoni Tegeta katikati ya abiria, na kondakta mmoja akaniuliza kama ninapakia wa Bunju.