Naomba ushauri: sanamu za jengo la zamani la benki zinapasuka

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri, hasa kwa mafundi wenye uzoefu na majengo ya kale.

Tumekabidhiwa jengo dogo la mtaani lililokuwa benki. Juu ya mlango kuna sanamu za udongo wa kuchoma uliopakwa glezi (tabaka gumu linalong'aa kama kioo): Merkuri, mungu wa biashara wa Warumi, na kofia yake ya mabawa, na pembeni mzinga wa nyuki, alama ya kuweka akiba. Ni kazi ya mikono safi sana, hadi manyoya ya mabawa unayaona moja moja. Msanifu majengo Louis Sullivan naye alipamba kwa udongo wa aina hii ile benki aliyoisanifu huko Owatonna, Marekani, mwaka 1908.

Sasa shavu la Merkuri limepata ufa unaoshuka hadi shingoni, na ndani yake panachuruzika maji ya kutu. Nahisi ni vile vyuma vinavyoshikilia sanamu ukutani: chuma kikishika kutu huvimba, na udongo haunyumbuki.

Fundi mmoja anataka kusafisha kwa kupuliza mchanga, kisha azibe ufa kwa saruji. Mimi nimekataa. Mchanga utakwangua glezi, na glezi ndiyo inayozuia maji. Saruji nayo ni ngumu mno kuliko udongo huo, itafungia unyevu ndani.

Aliyewahi kufanya kazi hii anisaidie: kipande kishushwe ili vyuma vibadilishwe, au kinatibika kikiwa hapo hapo juu? Na chokaa itafaa kwenye viungo kati ya vipande?