Mafundi mnaobadilisha sili kila gari likivuja oili bila kupima chochote, acheni kutuibia

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nipo Sharjah, naendesha Subaru WRX STI yenye EJ257, ile injini ya cc 2,457 iliyoletwa soko la Ghuba, na nikipata nafasi nalipeleka Dubai Autodrome siku wanazofungulia watu kukimbiza magari yao wenyewe. Najua wengi wenu Dar, Arusha, Mombasa na Nairobi mna EJ205 na EJ207 za kutoka Japani. Injini ni ndugu hizo, ugonjwa ni ule ule, na makopo ya kunasia oili ninayolalamikia yanapakiwa kwenye makontena yanakuja huko huko kwenu.

Gari langu lilikuwa linaingiza oili kwenye intakula (kipoza hewa ya turbo), jambo la kawaida kwa Subaru ya turbo inayokimbizwa. Nikanunua seti ya kopo la kunasia oili inayotoka na gesi za injini, kwenye duka moja la spea, nao wakanipa gereji ya kulifunga. Kifaa na ufundi, dirham 1,400. Siku nilipoingia nalo uwanjani, matairi hayajapata hata moto sawasawa, naona bendera nyeusi yenye duara la chungwa naelekezewa mimi. Waliowahi kukimbia wanaijua: gari lako bovu, toka.

Nafungua boneti, dipstiki (kijiti cha kupimia oili) imechomoka kwenye shimo lake. Oili imetapakaa hadi kwenye fayawoli (ukuta wa nyuma ya injini), na inadondoka kutoka kwenye tapeti kava (kifuniko cha vali) moja kwa moja juu ya bomba la moshi. Sehemu ile baada ya kukimbizwa ni moto wa kuwashia petroli. Na nyuma yangu kulikuwa na vijana wanaingia kona kwa spidi, wanakanyaga oili niliyowamwagia mimi bila kujua. Hilo ndilo linaniuma kuliko pesa.

Gereji wakaniambia nini? "Sili zimechoka, Subaru zote zinavuja." Wakabadilisha sili ya mbele ya kranki, sili za kamshafti na gasketi za tapeti kava, wakapaka silikoni kila mahali, wakaniandikia bili nyingine. Gari likavuja tena. Safari hii wakataka kushusha giaboksi wabadilishe kile kibati cha nyuma ya flaiwili. Ni kweli vile vya zamani vya plastiki hupinda na kuvuja, lakini changu ni cha chuma na kilikuwa kikavu. Muda wote huo hakuna aliyejiuliza dipstiki ilichomolewa na nani.

Nilichukua gari nikampelekea fundi mwingine, mzee wa Kipakistani, ambaye alikaa akifuatilia hozi moja moja kwa kidole. Hakuchukua muda. Waliofunga kopo waliondoa vali ya PCV (kivali cha njia moja cha kutolea gesi za ndani ya injini) na kuunganisha hozi ya manifodi, yaani bomba linalogawa hewa kwa silinda, moja kwa moja kwenye kopo. Yaani turbo ilipokuwa inasukuma hewa kwenye manifodi kwa takriban bar 1, sehemu ya hewa hiyo ilikuwa inageuka na kuingia tumboni mwa injini. Sili ya mpira iliyotengenezwa kuzuia oili isichuruzike tu, ikasukumwe na turbo kutoka ndani? Hata mngefunga sili za dhahabu zingevuja.

Kwa wasiojua, njia yenyewe iko hivi. Injini yoyote, hata mpya, mlipuko wa juu ya pistoni hupenyeza gesi kidogo kupita kwenye ringi hadi chini kwenye kranki. Ukienda nalo sokoni ni kidogo. Ukilikanyaga dakika ishirini mfululizo likiwa na turbo, ni nyingi, na lazima zitoke. Ukiwa umeachia mafuta, manifodi inanyonya, vali ya PCV inafunguka na zile gesi zinavutwa zikachomwe upya. Turbo ikianza kusukuma, vali inajifunga yenyewe, na gesi zinatokea kwenye hozi ya juu ya bloku na zile za silinda hedi, kwenda kwenye bomba la hewa kabla ya turbo. Kile kivali ndicho mlango unaoruhusu kutoka na kukataza kurudi. Mtu anayekiondoa na kuacha tundu la manifodi wazi hajui anachofanya, na hapaswi kumgusia mtu gari.

Halafu injini zetu zina tatizo lake la ziada. Silinda zimelala, hedi ziko kulia na kushoto. Ukiwa kwenye kona ndefu ya kulia, oili inakimbilia hedi ya kushoto na inagoma kurudi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) mpaka unyooke. Hedi ikijaa, hozi yake ya kupumulia haitoi tena mvuke, inatema oili ya maji maji. Ndiyo maana gari halivuji hata tone mjini, likiingia uwanjani linajaza kopo. Na ile oili ikirudi kwenye turbo haiishii kuchafua mabomba tu. Mvuke wa oili unapunguza uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo, injini inagonga (petroli inajilipukia yenyewe ndani ya silinda), na EJ257 inajulikana kwa kupasuka zile kingo za pistoni zinazoshika ringi. Zikipasuka, gesi zinazopenya chini zinaongezeka, oili inayotoka inaongezeka, kugonga kunaongezeka. Mpaka ufungue injini nzima.

Sasa njooni kwenye kopo lenyewe, maana nililikata kwa grainda nione nimenunua nini. Bati tupu. Hamna kizuizi ndani, hamna wavu, hamna hata kipande cha waya wa chuma cha kunasia matone. Tundu la kuingilia na la kutokea yametazamana juu kabisa, kwa hiyo mvuke unaingia huku unatokea kule kama ulivyo. Hamna dirisha la kuonyesha kiasi cha oili. Nipo radhi kusema walichoniuzia ni rangi ya bluu tu. Na vichomeo vyake, ile midomo ya kuvalisha hozi, ni vya milimita 8, wakati kwa gari la hivi unataka hozi ya milimita 16. Kipenyo kikiwa nusu, njia inabaki robo. Umefunga kifaa cha kusaidia injini ipumue, umeikaba koo.

Kuna mtu atasema kopo dogo linatosha. Kanuni za FIA (shirikisho la dunia la mbio za magari), Kiambatisho J, kwa gari ambalo injini yake inapumulia nje zinataka kopo la lita 2 kama injini haizidi cc 2,000, na lita 3 ikizidi hapo, na liwe la plastiki inayoonyesha ndani au liwe na sehemu ya kuchungulia. Kwa hiyo langu ni lita 3. Nililouziwa halifiki hata nusu lita, na kwenye boksi wameandika la mashindano! Hakuna anayewalazimisha kufuata FIA kwa gari la barabarani, lakini msiandike neno mashindano kwenye kitu ambacho hakipiti ukaguzi wa mashindano.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kupima hakugharimu kitu. Chukua hozi nyembamba inayoonyesha ndani, ikunje herufi U, tia maji nusu, chomeka ncha moja kwenye shimo la dipstiki ukizibe pembeni vizuri. Injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa) na mfumo ukiwa mzima, maji yanavutwa kidogo kuelekea upande wa injini. Yakisukumwa upande wa pili, gesi hazitoki, tafuta palipoziba au vali iliyokufa. Tahadhari, mkanyagio usiukanyage na hozi ya maji, maana bar 0.1 tu ni kama mita nzima ya maji na utayarusha hadi darini. Injini ikibeba mzigo tumia geji ya presha. Ukishajua presha iko sawa, hapo ndipo uzungumze habari ya sili. Kisha pima ringi kabla ya kununua kopo lolote, kwa sababu pistoni iliyopasuka haitibiwi na kopo.

Nimerudi dukani na kopo lililokatwa na risiti. Wakasema gari la kukimbizwa halina dhamana. Gereji nayo inasema ilifunga kama karatasi ya maelekezo ilivyochora. Nikaiangalia hiyo karatasi: mchoro kweli hauna vali. Kwa hiyo kila aliyeinunua seti hii na fundi akafuata karatasi, gari lake liko kama langu lilivyokuwa.

Nataka pesa yangu ya kopo, ya sili zote na ya ufundi, na nimeanza utaratibu wa malalamiko ya mlaji hapa. Ninyi mlionunua kopo la bluu la vichomeo viwili juu, fuateni ile hozi inayotoka kwenye manifodi kabla hamjaliwasha tena. Kama kati yake na kopo hakuna vali ya PCV, ichomoeni, zibeni tundu la manifodi kwa kifuniko kinachobanwa kwa klipu, na msilikanyage gari mpaka lirekebishwe. Wekeni picha ya mlivyofungiwa hapa chini, na mseme mlinunua mji gani. Nazihitaji kwa ajili ya shauri langu.