Mrejesho: maji ya kibwawa changu yametulia

Habari za siku, ndugu zangu. Mwezi uliopita niliomba ushauri kuhusu kibwawa changu cha perege nyuma ya nyumba, hapa Morogoro. Tangu mvua zianze maji yalikuwa kama chai ya maziwa.

Aliyeniambia nijaze maji hayo kwenye chupa ya kioo na kuiacha usiku kucha ndiye aliyenifungua macho. Asubuhi ukungu ulikuwa uleule, chini hakuna tope. Kumbe ni udongo wa mfinyanzi, chembe zake ndogo mno, hazitui zenyewe. Nami nilikuwa nabadilisha maji kila wiki, pesa ikiteketea bure!

Kwanza nilichimba mfereji wa kukinga maji ya uani, nikapanda nyasi kingoni. Kisha nikaweka chokaa ya kilimo, kwa sababu shabu, ile chumvi ya kukusanya chembe za udongo ili zitue, huongeza tindikali kwenye maji na samaki wanaweza kufa. Siku mbili baadaye, upepo ukiwa umetulia, niliyeyusha gramu 300 za shabu kwenye ndoo, nikamwagia bwawa zima. Lina mita za ujazo 12.

Zamani nikizamisha mkono, vidole vilipotea kabla kiganja hakijaisha kuzama. Leo naviona maji yakiwa yamefika kiwiko. Ukijani kidogo umebaki na nimeuacha makusudi, perege wanaula.

Asanteni sana, hasa mama yule aliyesisitiza chokaa itangulie. Samaki wote wazima.