Frankfurt: kuna sanaa ya kuona, au ni benki tu?

Rangi_za_Mafuta:
Habari zenu wakuu. Mwezi ujao natumwa Frankfurt kikazi, na Jumamosi na Jumapili sitakuwa na shughuli. Mimi nachora, rangi za mafuta. Wenzangu ofisini wanasema mji ule ni benki na uwanja wa ndege tu, eti nipande treni niende Berlin. Mwenye kuujua kwa upande wa sanaa anisaidie, nianzie wapi?

MamaBrashi:
Mdogo wangu, baki hapo hapo. Nimeishi Ujerumani miaka mingi na nakuhakikishia Jumamosi nzima itakwisha uko Städel, makumbusho ya sanaa ya mji ule, na hujamaliza.

Hao wanaosema ni benki tu hawajui kwamba makumbusho hayo yaliachwa na mwenye benki. Johann Friedrich Städel hakuoa wala hakuwa na mtoto. Katika wosia wake wa 1815 aliweka nyumba, picha na mali yake yote kuwa wakfu kwa wananchi wa mji, pamoja na fedha za kusomesha vijana wenye kipaji. Ndugu wa mbali wakaenda mahakamani, kesi ikaburutwa hadi 1828. Wakfu ukasimama, na chuo cha sanaa kikazaliwa humo humo: Städelschule.

Ukiingia, mtafute Mwanajiografia wa mchoraji Vermeer, wa 1669. Ni picha ndogo. Jamaa ameinamia ramani, bikari mkononi, ameinua macho kuelekea dirishani kama aliyejiwa na wazo sasa hivi. Joho lake ni la buluu, na ukingoni unajitokeza wekundu wa bitana. Wewe unayechora simama hapo, tazama mwanga unavyotoka kushoto na kutulia kwenye karatasi. Mimi nikiwa hapo husahau saa.

Kisha mwangalie Goethe, yule mshairi wa Kijerumani, aliyechorwa na Tischbein, amejilaza na kofia yake pana. Hesabu miguu: yote miwili ni ya kushoto! Na bado ndiyo sura ya Goethe ambayo Ujerumani nzima inaikumbuka.

Rangi_za_Mafuta:
Asante sana dada, Berlin nimeifuta. Na sanaa ya sasa je, ipo?

Kando_ya_Main:
Ipo kaka. Anza huko huko Städel, chini ya bustani. Tangu 2012 kuna ukumbi wa sanaa mpya ardhini, unaopata mwanga kwa madirisha 195 ya duara yaliyopangwa kwenye nyasi. Jumapili vuka mto uende MMK, makumbusho ya sanaa ya kisasa, jengo la pembetatu ambalo wenyeji wanaliita kipande cha keki. Usiipite Portikus, ukumbi wa maonyesho uliopo kwenye kisiwa karibu na daraja la zamani, Alte Brücke. Ni ya Städelschule na kiingilio ni bure. Mara nyingi utakuta kazi ya msanii mmoja tu, na kwangu hiyo inatosha kuliko kumbi kumi.

MamaBrashi:
Naunga mkono Portikus. Ila mdogo wangu, usitoke Städel bila kuona kazi za mchoraji Max Beckmann. Alifundisha katika chuo hicho hadi Wanazi walipomfukuza 1933. Tafuta picha yake ya sinagogi ya Frankfurt, ya 1919: kuba la kijani, kuta zimepinda kana kwamba ardhi inayumba. Sinagogi lenyewe lilichomwa moto Novemba 1938. Leo unaliona kwenye turubai lile.

Na kuna picha ambayo hutaiona. Van Gogh alimchora Daktari Gachet mwaka 1890, na picha hiyo ilikuwa ya Städel mpaka Wanazi walipoichukua 1937. Mwaka 1990 iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 82.5. Mwaka 2019 Städel walipofanya maonyesho makubwa ya Van Gogh, walitundika fremu yake ikiwa tupu. Watu wakiuliza kama Frankfurt wanathamini sanaa, mimi huwaambia habari ya fremu ile.

Rangi_za_Mafuta:
Nimeelewa dada. Jumamosi mlango ukifunguliwa nitakuwa nje nasubiri, na daftari la kuchorea nitabeba.