Mrejesho: kibali cha kifaa binafsi cha kuomba uokoaji (PLB)

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza nitamilikije kihalali kifaa hiki cha megahezi 406, kinachotuma ishara ya dharura kwa setilaiti, wakati kanuni zetu zinataja vya meli na ndege tu. Nilifuata ushauri wa kuiandikia mamlaka ya mawasiliano kabla ya kununua, nikaeleza kuwa Marekani iliruhusu vitumike nchi kavu mwaka 2003. Kibali cha masafa nimepata, cha muda. Usajili ndio umekwama: hakuna ofisi inayokubali kuwajibika kwa ishara ya mtu aliye nchi kavu, na hilo linaniuma kweli. Hifadhidata ya kimataifa ya Cospas-Sarsat (mfumo wa setilaiti wa kutafuta na kuokoa watu) mliyonielekeza ipo, ila inategemea msimbo wa nchi uliomo ndani ya kifaa. Muulizeni muuzaji msimbo huo kabla ya kulipa.