Santuri ya "A Meeting by the River" imetolewa upya: ninunue au nibaki na CD?

Ngalawa_Tanga
Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri, na msinicheke.

Nina CD ya Ry Cooder na Vishwa Mohan Bhatt, ile ya 1993, tangu nikiwa chuo. Kwa wasioijua: humo hakuna anayeimba. Kuna Mmarekani anayetelezesha kichupa juu ya nyuzi za gita, na Mhindi mwenye Mohan veena, gita la kulaza mapajani alilolibuni mwenyewe. Lina nyuzi 20, na nyingine hazipigwi kabisa, zinaitikia zenyewe wenzao wakiguswa. Blues na raga, muziki wa asili wa Kihindi, chungu kimoja. Polepole, muziki wa jioni umeshaoga umekaa barazani.

Siku ya kwanza kuipiga nyumbani mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza: "Taarab ya wapi hii, mbona mwimbaji haanzi?" Alikuwa amesikia dumbak, ile ngoma ya taarab. Na kweli imo, anaipiga Joachim, mtoto wa Cooder, wakati huo ana miaka 14. Tabla, zile ngoma mbili za Kihindi, anapiga Sukhvinder Singh Namdhari.

Sasa nimeona Analogue Productions wa Marekani wameitoa upya kwa santuri. Sahani mbili, gramu 200 kila moja, kasi ya mizunguko 45 kwa dakika. Ukijumlisha bei na usafiri, robo ya mshahara wangu imekwenda. Halafu nimeshaungua: mwaka jana niliagiza santuri nyingine (muuzaji simtaji), ikafika imepinda kama sinia lililokaliwa. Ukiweka sindano inapanda na kushuka, nikachoka hata kuitazama.

Gramafoni yangu ni ile ya kisanduku, spika zimo humohumo. Ninunue au nitulie?

Sindano_Kali
Mkuu, kabla ya santuri tuongee kuhusu hicho kisanduku. Vingi vyake vina katriji (kile kichwa kinachoshika sindano) ya seramiki, inakandamiza kwa gramu tano au hata sita. Katriji ya sumaku ya kawaida inataka kama gramu mbili tu. Wewe hutasikiliza santuri, utakuwa unailima.

Ngalawa_Tanga
Dah. Kwa hiyo zile za marehemu mzee nazo nimezilima?

Sindano_Kali
Zitakuwa zimelimwa kabla yako, mkuu. Usijilaumu.

MpendaCD
Mnamtia hasara mtu. CD anayo, inaimba, haipindi. Robo ya mshahara kwa muziki ambao tayari uko kabatini? Nunua spika nzuri, mchezo umekwisha.

Fundi_Valvu
MpendaCD, kwa albamu nyingi ningekuunga mkono. Siku hizi kuna santuri kibao zinazokatwa kutoka faili lilelile la CD, unalipia jalada tu. Hii ina sababu. Ilirekodiwa Septemba 1992 kanisani, Santa Barbara, California, kwa jozi moja ya mikrofoni na mitambo ya valvu (zile taa za kioo za redio za zamani), moja kwa moja kwenye utepe. Jamaa wawili hao walikuwa wamefahamiana chini ya saa moja. Hakuna mazoezi, hakuna kuongeza kitu baadaye. Unachosikia ni chumba na watu wanne waliokaa wakitegeana sikio. Hapo ndipo santuri iliyokatwa vizuri inalipa.

Na hiyo 45 si mbwembwe. Sahani ikizunguka kwa kasi, kila sekunde ya muziki inapewa urefu mkubwa zaidi wa mfereji, kwa hiyo sindano inasoma kwa nafasi, hasa karibu na katikati ambako sauti huanza kukwaruza. Gharama yake ni muda: upande mmoja unabeba dakika chache. Bahati nzuri humu mna vipande vinne tu, kila kimoja kama dakika kumi, na sahani mbili zina pande nne. Hesabu mwenyewe. Ila jiandae kunyanyuka kila dakika kumi. Mke wangu anasema nasikiliza muziki kwa miguu.

Bint_Malindi
Mdogo wangu wa Tanga, mama yako hakukosea sana. Dumbak na tabla sisi Unguja tumekua navyo, ndiyo maana albamu hii haikuwa ngeni kwangu.

Nikuambie ya mzigo, maana nimeagiza sana. Mwandikie muuzaji azitoe sahani ndani ya jalada, azifunge nyuma yake zikiwa kwenye karatasi zake, ama sivyo zitapasua ukingo njiani. Ushuru unapigwa juu ya bei pamoja na usafiri, si bei peke yake, na VAT asilimia 18 inakuja juu ya hapo. Ukipata ndugu wa kuibeba mkononi kwenye ndege, bora zaidi. Kinachozipinda mara nyingi ni boksi kuanikwa juani. Ikifika nyumbani isimamishe wima, usizilaze moja juu ya nyingine, na masika ifungue mara mojamoja uangalie ukungu. Juu ya friji pasahau.

Kijana_Ilala
Hiyo iliyopinda usiitupe. Kuna watu huibana kati ya vioo viwili na kuitia joto kidogo.

Fundi_Valvu
Joto kidogo likizidi kidogo, unapata bakuli. Vioo na uzito bila joto, wiki kadhaa, ujaribu bahati.

Ngalawa_Tanga
Nawashukuru sana wakuu, na Bi Malindi shikamoo.

Nimekigeuza kile kisanduku sasa hivi. Kipo kitufe cha 45, lakini katriji ni hiyohiyo ya seramiki na mkono hauna pa kupunguzia uzito. Kwa hiyo nimekata shauri: fedha ya santuri inakwenda kwanza kwenye gramafoni ya mtumba yenye mkono wa kurekebishika. Santuri itafuata. Binamu yangu yuko Muscat, anakuja likizo Desemba. Nitaagizia kwake aje nayo mkononi. Mama nimemwambia taarab isiyo na mwimbaji inarudi, kasema safari hii ataimba yeye.

Kijana_Ilala, kwenu huko gramafoni za mtumba zinapatikana upande gani? Na kile kimizani cha kupimia uzito wa sindano, nani anacho aniazime?